Hedi ya Canter kabla ya skimu: shajara ya ukaguzi nyumbani, Mikindani, Mombasa

Gari ni Mitsubishi Canter, injini 4D33: dizeli, silinda 4, cc 4,214, vali zinasukumwa kwa pushirodi (fito za chuma). Hedi yake, kile kipande cha juu kinachofunika silinda na kubeba vali, ni ya chuma cha kusubu, si aluminiamu, na jambo hilo lina uzito kwenye habari nzima.

Huku kwetu gari likichemsha, hukumu hutolewa kabla kabini haijainuliwa: gasketi (kizibo bapa kati ya hedi na mwili wa injini) imeungua, peleka hedi skimu, ikakwanguliwe uso kwa mashine, rudisha. Pengine ni kweli. Lakini skimu hunyoosha uso wa hedi, basi. Haizibi ufa, wala haikwambii kama upo. Nilitaka kuijua hedi yangu iko hali gani kabla ya kumlipa mtu aikwangue, na naweka hatua hapa ili mwenye Canter, Isuzu au Fuso aweze kuzifuata au kuzipinga. Bei ni za shilingi ya Kenya, kama nilivyolipa mimi.

5 Aprili 2025. Dalili

Mpwa wangu ndiye dereva. Gari lilichemsha likipanda Mazeras na mzigo wa saruji. Akasimama pembeni, akangoja kidogo, akaongeza maji, akaendelea na safari. Tangu hapo chupa ya akiba inafurika njiani, na asubuhi rejeta iko pungufu. Oili kwenye kijiti ni nyeusi kama kawaida, haina weupe. Moshi mweupe unatoka mwanzo wa kuwasha, kisha unapotea.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni mpira wa juu wa rejeta. Injini imelala usiku kucha, imewashwa sasa hivi, maji bado baridi, na mpira tayari umekuwa mgumu mkononi. Maji yakipata moto huzaa presha, hilo linajulikana. Haya hayakuwa na moto wowote. Presha hiyo ilikuwa inatoka ndani ya silinda.

7 Aprili. Silinda ipi?

Injini baridi, kifuniko cha rejeta wazi, maji hadi ukingoni, tukawasha na kuiacha iende polepole. Mapovu yakaanza kupanda. Hewa iliyonaswa kwenye mfumo hutoka kwa muda, halafu huisha, haya hayakuisha.

Kisha tukalegeza nati ya bomba la nozo (kinyunyizio cha dizeli), silinda moja baada ya nyingine, huku mtu mmoja akitazama mdomo wa rejeta. Ukilegeza nati, dizeli inamwagika nje, silinda ile haichomi, na moshi wake haupati nguvu ya kuingia kwenye maji. Ya 1, mapovu yale yale. Ya 2, vilevile. Ya 3, yakapungua mpaka yakawa mojamoja. Ya 4, yakarudi. Basi shida iko silinda ya 3.

Vaa miwani, funga kitambaa kuzunguka nati, na kidole kisikaribie. Dizeli inayotoka kwa presha ya nozo hupenya ngozi, na hilo si jeraha la kuwekewa plasta nyumbani.

Fundi wa jirani, ambaye namheshimu kwa giaboksi, alipita akatoa hukumu yake: gasketi. Skimu 4,500, gasketi seti nzima 7,500, kazi yake 8,000. Nikamwambia, "Ahsante fundi, wacha kwanza tuifungue tuione." Akacheka. Alisema kuangalia hakumpi mtu pesa.

12 Aprili. Kufungua

Hatua za kufungua hedi ziko kwenye kitabu cha injini, sitazirudia. Mawili tu. Bolti za hedi zilegezwe kuanzia pembeni kuelekea katikati, kila moja robo mzunguko kwanza, wala usiitoe moja kabisa huku jirani yake imekaza. Hedi inayoachiwa upande mmoja hujipinda mikononi mwako, halafu utailaumu injini. Na pushirodi zipangwe kwenye kipande cha katoni kilichotobolewa na kuandikwa namba, kila moja irudi nyumbani kwake.

Maji tuliyomwaga yalikuwa mekundu kwa kutu, na chini ya beseni kukabaki tope zito. Sehemu nyingi za Mombasa maji ya mfereji huja yakipenda, na kisima kina chumvi. Ya kisima ndiyo yaliyokuwa yakijazwa kwenye rejeta kila siku, kulanti (dawa ya maji ya rejeta) hakuna. Themostati, vali inayofunguka maji yakipata moto, nayo hakuna: nyumba yake tupu. Kuna fundi wa zamani aliyeitoa "ili injini ipate baridi".

Hilo la themostati lina mashabiki wengi, nami si mmoja wao. Injini nyingi za namna hii zina njia ya pembeni ya maji, na themostati ikifunguka ndiyo inayoiziba ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuonja upepo wa feni. Kwenye barabara tambarare huoni kitu. Kwenye mlima na mzigo, utaona.

13 Aprili. Gasketi inasema nini

Gasketi isitupwe. Watu huing'oa, huikunja, huitia kwenye pipa, na ushahidi wote unakwenda nayo.

Niliiosha kwa mafuta ya taa nikaiweka mezani, uso uliokuwa juu ukitazama juu. Gasketi iliyopasukia kwenye mapafu yake, yaani pale kati ya silinda na silinda au kati ya silinda na tundu la maji, huacha alama: pete ya chuma imeungua au imekatika, na kuna mstari mweusi wa masizi unaotoka silindani kwenda kwenye tundu la maji. Nilizitazama pete zote nne kwa tochi na kioo cha kukuzia. Ya 3 ilikuwa nzima. Zote zilikuwa nzima. Hakuna mstari mweusi hata mmoja.

Kumbuka mapovu yalitoka silinda ya 3. Ikiwa pete ya 3 haijavuja, moshi umeingia kwenye maji kwa njia nyingine, na njia zilizobaki si nyingi: hedi yenyewe, au bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Pistoni ya 3 ilikuwa imeoshwa, haina masizi meusi kama wenzake; maji yaligeuka mvuke juu yake kila injini ilipowaka. Na mlango wa ekzosi (tundu la kutolea moshi) wa silinda hiyo ulikuwa na rangi ya kijivu, wengine weusi.

Nilimpigia simu fundi jirani nikamweleza. Akasema, "Basi imevuja kidogo tu haionekani, skimu itamaliza." Hapo ndipo nilipoamua kuwa hedi haitoki uani mpaka nimemaliza nayo.

19 Aprili. Kusafisha na kupima unyoofu

Masizi na mabaki ya gasketi yatolewe kwa ubao mgumu au kikwangulio cha plastiki na mafuta ya taa. Usitumie diski ya msasa ya mashine kwenye uso wa hedi. Inang'arisha vizuri sana na inachimba mabonde usiyoyaona.

Hewa ya pwani ina lake. Hedi tuliyoiosha jioni ikaamka na kutu ya rangi ya machungwa juu ya uso wote, usiku mmoja tu. Chuma cha kusubu kikishaachwa kitupu, kipake oili nyembamba, kisha ukifute kwa petroli siku ya kupima.

Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, karakana zimefungwa, kwa hiyo nikaazima rula ndefu ya aluminiamu kwa fundi wa madirisha. Fila geji mpya, zile blade nyembamba za kupimia uwazi, 650. Rula juu ya hedi, fila chini yake: blade ya milimita 0.15 ikapita katikati. Kama ningeishia hapo, ningekwenda skimu nimeridhika kabisa.

Lakini rula nayo inapimwa. Iweke, tia alama mahali pa uwazi mkubwa, kisha igeuze ncha kwa ncha, ukingo uleule chini, uitazame tena. Uwazi ukibaki palepale kwenye hedi, ni wa hedi. Ukihama pamoja na rula, ni wa rula. Wangu ulihama. Rula ya aluminiamu ya kukatia fremu haikutengenezwa kwa kazi hii, na ukingo wake umeliwa na kisu cha kukatia raba kwa miaka.

22 Aprili. Kupima tena

Mzee mmoja mwenye karakana ya mashine Changamwe aliniazima rula ya chuma iliyochongwa kwa kazi hiyo, yenye ukingo wa kisu. Sharti lake: "Mwanangu, isianguke, na usiiwekee nyundo juu." Akakataa pesa.

Uso wa hedi hupimwa kwa mistari sita: miwili kwa urefu kando ya kingo, mmoja katikati, miwili ya mshazari pembe kwa pembe, na wa kukata kati ya silinda na silinda. Blade ya 0.05 ilipita kwa shida kati ya silinda ya 2 na ya 3, kwenye mstari wa katikati. Ya 0.08 haikuingia popote. Kipimo cha mwisho tafuta kwenye kitabu cha injini yako. Kawaida yangu, hedi ya urefu huu isiyofika 0.10 haiendi mashineni. Nikapima na uso wa bloku kwa rula hiyohiyo, maana wengi husahau kuwa gasketi ina nyuso mbili. Bloku safi.

Hedi ilikuwa imenyooka, basi. Ile skimu ya 4,500 ingenyoosha kitu kilichonyooka.

Hii haishangazi ukijua chuma. Hedi ya aluminiamu ikichemshwa huelekea kujipinda. Ya chuma cha kusubu ni ngumu zaidi, haijipindi kirahisi. Ikizidiwa, na hasa ikimwagiwa maji baridi ingali inawaka moto, hupasuka. Mpwa wangu alikuwa ameshika upande wa pili wa rula. Nikamuuliza siku ile Mazeras alingoja muda gani kabla ya kuongeza maji. "Kidogo tu, Mjomba. Kulikuwa na askari wa barabarani wanatuhimiza."

23 Aprili. Mafuta ya taa na chaki

Karakana kubwa zina rangi nyekundu ya kupenya nyufa, na nyingine zina sumaku na unga wa chuma. Ukiwa nyumbani kuna njia ya zamani. Futa hedi kwa petroli mpaka kitambaa kitoke cheupe, iache ikauke. Paka mafuta ya taa sehemu yote ya silinda, kuzunguka viti vya vali na tundu la nozo, yakae nusu saa. Futa kabisa, ikauke. Halafu paka chaki iliyosagwa na kukorogwa kwenye spiriti, tabaka jembamba. Spiriti inaruka, chaki inabaki nyeupe. Ufa uliokunywa mafuta utayatoa polepole, na utaona mstari wa unyevu juu ya weupe.

Vali zitolewe kwanza. Mafuta yaliyobaki chini ya kiti cha vali hutoa mistari ya uongo.

Silinda ya 1, ya 2, ya 4: nyeupe. Ya 3 ikachora mstari mwembamba, usiozidi sentimita 2, kutoka ukingo wa kiti cha vali ya ekzosi kuelekea kiti cha vali ya kuvuta. Mpwa alisema ni mkwaruzo. Nikapitisha ukucha juu yake, ukucha haukukwama. Mkwaruzo wenye kina cha kushika mafuta ungeusimamisha. Tukafuta, tukarudia, mstari ukarudi vilevile.

Tahadhari kwa wanaofuata: ufa mdogo kati ya viti viwili vya vali unapatikana kwenye hedi nyingi za dizeli zilizofanya kazi, na baadhi zinaendelea kubeba mizigo miaka bila kuvuja. Chaki inaonyesha ufa upo. Haisemi umefika kwenye maji.

26 Aprili. Presha, baridi

Kujua kama umefika kwenye maji, lazima hedi ipigwe presha. Kanuni ni rahisi: ziba matundu yote ya maji, acha moja la kuingizia hewa, zamisha hedi kwenye maji, tazama mapovu yanatokea wapi. Kuziba ndiko kazi iliko.

Bamba la chuma la milimita 12, limekatwa kwa ukubwa wa uso wa hedi na kutobolewa matundu ya bolti: 2,800 pamoja na kazi ya kutoboa. Bamba lina dirisha mbele ya kila silinda, ili mapovu ya ndani ya silinda yaonekane. Ukikata bamba zima bila madirisha utakuwa umefunika mahali pale unapotaka kuona. Nyumba ya themostati tuliizibia kwa kibamba kidogo chenye nipeli ya kuingizia upepo, na geji ya kompresa ya matairi.

Kati ya bamba na hedi tuliweka mpira wa tyubu ya lori, mara mbili. Haukufaa kabisa. Hewa ilipoingia ukavimba kuelekea madirishani, ukatoa mapovu kila upande, pipa zima likachemka tusijue lipi la ufa lipi la tyubu. Tulikaza bolti zaidi, ukavimba zaidi. Tyubu ni laini mno kwa kazi hii.

Dawa yake ilikuwa kipande cha mkanda wa konveya, ule mnene wenye nyuzi ndani, 400 kwa muuza vyuma chakavu. Hauvimbi. Tukautoboa kwa bomba lililonolewa mdomo, tukafunga upya, tukazamisha hedi kwa cheni kwenye pipa lililokatwa kwa urefu, tukaipa bar 2.

Hakuna povu hata moja.

Tukaiacha muda mrefu. Sindano ya geji haikushuka. Mpwa wangu akaniangalia vile kijana anavyomwangalia mzee aliyempotezea siku ya kazi.

Usalama: hewa iliyobanwa si maji. Bamba likifyatuka linaua. Bolti zote zikazwe, usizidi bar 2 au 3, na usisimame mbele ya bamba ukiongeza upepo. Kifuniko cha rejeta chenyewe hushika takriban bar 1 tu, kwa hiyo 2 inatosha kusema ukweli.

27 Aprili. Presha, moto

Jana usiku nilirudia kuwaza dalili. Mapovu ya rejeta yalikuwa yakizidi kadiri injini inavyopata moto. Ufa wa chuma hubana ukiwa baridi na kufunguka chuma kikitanuka. Karakana zenye mashine ya kazi hii hupiga presha ndani ya maji ya moto kwa sababu hiyohiyo.

Basi pipa likawekwa juu ya mafiga, kuni za 300, hedi ndani yake na bamba lake. Tulisubiri maji yakaribie kuchemka na chuma chote kipate moto sawasawa. Kuharakisha hapa kunaweza kuzaa ufa mpya, kwa hiyo hedi iingie maji yakiwa baridi, ipate moto pamoja nayo. Tukaondoa kuni, maji yakatulia. Bar 2.

Ndani ya mlango wa ekzosi wa silinda ya 3, kwenye paa lake, yakaanza mapovu madogo kama ya soda iliyofunguliwa, yamejipanga mstari. Baada ya muda yakatokea pia kwenye dirisha la silinda, palepale chaki ilipochora. Ufa ulioonekana usoni ulikuwa mdomo tu. Mwili wake ulipita nyuma ya kiti cha vali ukaingia mlangoni, ukakutana na maji.

Nilimwita fundi jirani aje aone. Alikaa kimya, akainama, akagusa maji, akautoa mkono haraka. "Ala. Hii ingerudi tena wiki ya pili." Ndiyo. Na gasketi nyingine ingenunuliwa, na kazi ya 8,000 ingelipwa upya, na lawama ingeangukia gasketi.

30 Aprili. Kuchomelea au kununua?

Nilipewa bei ya kuchomelea, 9,000, kwa fimbo za nikeli. Nimekataa. Chuma cha kusubu kinachomeleka, lakini kinataka kupashwa moto polepole kizima na kupoozwa polepole. Kikichomelewa kikiwa baridi kinapasuka tena pembeni ya weldi. Na mahali penyewe ni chini ya kiti cha vali ya ekzosi, sehemu yenye moto kuliko zote kwenye hedi. Ingekuwa ukingo wa nje wa njia ya maji, ningefikiria.

Hedi kuukuu basi. Yadi ya kwanza walikuwa na moja, wameipaka rangi ya fedha ikang'ara. "Mzee, hii imetoka Japani na injini yake, haijaguswa." Nilikuwa nimebeba venia (kifaa cha kupimia unene) na kipimo cha unene wa hedi yangu. Ya kwao ilikuwa nyembamba kwa zaidi ya milimita 1. Imeshaguswa, tena sana. Hedi iliyokwanguliwa hivyo huziteremsha vali kuelekea pistoni, na zinaweza kugongana. Nikashukuru nikaondoka.

Yadi ya pili hawakuipaka rangi, ilikuwa na masizi yake, unene wake ulilingana na wa kwangu. 42,000, tukafika 38,000. Sharti nililoandikisha kwenye risiti: ikivuja kwenye presha ya moto, inarudi na pesa zinarudi. Muuzaji alisita, akasema hakuna anayeuza hivyo. Nikamwonyesha picha za pipa kwenye simu. Akasaini.

3 Mei. Hedi ya pili, ukaguzi uleule

Haraka haraka. Rula: 0.05 haikupita popote. Chaki: nyeupe zote. Presha baridi na moto: hakuna kitu. Bamba na mkanda wa konveya vilijilipa siku hiyo.

Vali zilikuwa zimekaa vibaya kidogo kwenye viti. Hedi hii uso wake ni bapa, huwezi kumwaga mafuta upande wa silinda yakakaa, kwa hiyo tulilaza hedi ubavu, milango juu, tukajaza mafuta ya taa kwenye milango. Vali mbili za ekzosi zilitokwa na jasho upande wa pili. Tukazisaga kwa mkono na unga wa kusagia, 350, mpaka pete ya kijivu ikawa nzima kuzunguka kiti, tukaosha, tukajaza tena. Kavu.

10 Mei. Kufunga

Kabla ya gasketi mpya kukaa, rejeta ilipelekwa kufunguliwa na mirija yake kuzibuliwa kwa fimbo, 3,000. Mafundi walisema mirija mingi ilikuwa imeziba kwa magadi ya maji ya kisima. Hilo ndilo lililochemsha gari tangu mwanzo; ufa ulikuja baadaye. Themostati mpya, 1,800.

Matundu ya bolti kwenye bloku yapulizwe mpaka yakauke. Maji au oili iliyobaki chini ya bolti haina pa kwenda, na ukikaza inapasua bloku, halafu una shajara nyingine ya kuandika. Bolti zisuguliwe kwa brashi, zipimwe urefu, iliyovutika ibadilishwe. Kukaza: katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ya kukodi (1,000) na kwa vipimo vya kitabu cha injini, si cha mtu wa jirani. Pete (washa) mpya za nozo ziliwekwa. Nafasi ya vali ikapimwa injini ikiwa baridi, kwa mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2. Mpwa alifanya yote haya mwenyewe, mimi nikashika tochi.

Maji: masika yalikuwa yameshaosha paa, tukakinga mvua kwenye mapipa na kuchanganya nusu kwa nusu na kulanti (2,400). Maji ya mvua hayana chumvi ya kisima. Oili na filta, 6,200.

Kuwasha: mpira wa juu ulibaki laini. Rejeta wazi, mapovu machache ya hewa iliyonaswa, kisha maji yakatulia.

17 Mei. Mzigo

Tulibeba kokoto kutoka Jaribuni, safari kadhaa, halafu saruji kupanda Mazeras kwa makusudi, mchana wa jua. Sindano ya joto haikupita katikati. Chupa ya akiba haikufurika. Asubuhi kiwango cha maji kilekile.

Jumla ya gharama: 64,400. Ukitoa hedi yenyewe ni 26,400, na bamba, mkanda na fila vimebaki na vitatumika tena. Tayari fundi jirani amekuja kuviazima kwa Isuzu ya mteja wake. Hedi ya zamani nimeiuza kwa uzito, 2,300, baada ya kuupiga ufa alama ya patasi ili isirudi sokoni imepakwa rangi ya fedha.

Kilichobaki: dumu la maji ya mvua na kulanti limefungwa nyuma ya kabini, na kwenye kifuniko cha rejeta nimeandika kwa rangi nyeupe, "Si kisima. Ngoja ipoe."